Likizo ya Mafia

Haya yalimpata rafiki yangu Mwinyimadi wa Visiga, mwaka 1974. Yeye na wenzake kazini walipanga kwenda likizo Mafia, wakazamie kutazama papa. Huko huko mdogo wake Jumbe alikufa maji mwaka uliotangulia, baada ya yeye kumshawishi azamie. Kwa hiyo jioni alipokwenda kumuaga mama yao, alidanganya, huku nafsi ikimsuta.

"Shikamoo, mama. Nakwenda Kisarawe, harusini."

"Marahaba."

Chumbani mlikuwa giza. Mafuta ya taa yalikwisha. Akasikia matone yakidondoka nyuma yake, ingawa kilikuwa kiangazi.

"Mbona mwenzio umemwacha mlangoni?" mama akauliza. "Mwambie aingie, amelowa."

Mwinyimadi alikuja peke yake. Akawasha kiberiti. Kizingitini palikuwa na nyayo za maji. Akayagusa, akalamba kidole. Yalikuwa ya chumvi.