Bega la Kezia

Kikapu cha kibanda cha kutupia mpira kilikuwa kimepindwa makusudi, na kila mtu kwenye Maonyesho ya Jimbo la Indiana alilijua hilo. Lakini watu ni watu, foleni haikupungua. Kezia Bohannon, kwenye gauni fupi la njano, vidole vinang'aa kwa siagi ya mahindi aliyokuwa anakula, alitupa mpira mara sita. Sita zote ndani.

"Dada, muonee huruma mzee wa watu, atafunga kibanda," sauti ikasema nyuma yake.

"Wivu huo. Wewe umepata ngapi?"

"Moja. Na hiyo iligonga nguzo kwanza."

Kezia akageuka, akacheka. Kijana mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, macho ya mtu asiyeogopa kuchekwa. Jina lake Amos Tillery. Jua halijazama walishapata goli bovu la kikapu nyuma ya mabanda ya farasi, wanacheza wawili tu. Kezia akamchenga mara nne. Mara ya tano akamkuta amesimama njiani, anamsubiri.

"Ebo! Umejuaje?"

"Kabla ya kwenda kushoto unashusha bega la kulia. Kidogo mno. Sidhani kama kuna mwingine aliyekuangalia kiasi hicho."

"Ukimwambia mtu nakuua."

"Nife na siri yako? Mbona kifo kitamu hicho!"

Basi, moyo wa Kezia ukaenda. Ndipo alipouliza anasoma wapi, na Amos akajibu kwa sauti ya chini: Harland. Tena ni mmoja wa wavulana wa mazoezi, wale wanafunzi wa kiume ambao timu ya wasichana hufanya nao mazoezi.

Lo! Harland hao hao! Ubingwa mara tano mfululizo, mechi wanashinda kwa pointi arobaini na bado kocha wao, Bi Marlow, hatabasamu. Kezia alichezea Millbrook, chuo kidogo kilichozungukwa na mashamba ya soya. Kila mwezi wa nne wachezaji huruhusiwa kuhama, na kwa miaka miwili Harland walikuwa wamemchukua mchezaji bora wa Millbrook. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Millbrook walipisha mpaka wakafika ukutani.

"Tukubaliane," Kezia alisema. "Ya uwanjani tusiyaongee."

"Tumekubaliana, kipenzi."

Wakapendana kwa simu na kwa Jumapili, miezi saba. Mwezi wa tatu, kwenye mashindano ya taifa, Millbrook wakashinda mechi mbili ambazo hakuna aliyewapa nafasi ya kushinda. Ya tatu ikapangwa dhidi ya Harland.

Siku moja kabla ya mechi, Amos akapiga simu.

"Kezia, kuna jambo lazima nikwambie."

"La mpira?"

"Ndiyo, lakini sikiliza—"

"Amos, tulikubaliana! Niambie unanipenda, ukate simu."

"Nakupenda," akasema. Akakata.

Siku ya mechi, kila Kezia alipokwenda kushoto alimkuta Brynn Kessler, mlinzi wa Harland, amefika kabla yake. Mara ya kwanza akasema bahati. Mara ya sita akajua si bahati. Kwenda mapumziko, Millbrook walikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa, na Kezia alikuwa na nne tu.

Brynn akampita karibu, akanong'ona, "Bega, mama. Mazoezini Amos amekuwa wewe wiki nzima, na jezi yenye namba yako. Anakuigiza utadhani mmezaliwa pacha."

Kezia akatazama nyuma ya benchi la Harland. Amos alikuwa pale, ameinamisha kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Alitamani kulia, lakini mbele ya watu elfu kumi na mbili analiaje?

Kipindi cha pili akashusha bega, akaenda kulia. Brynn akabaki anakumbatia hewa. Akashusha tena, hakwenda popote, akarusha. Kumi na tisa zikawa kumi na moja, zikawa tano. Mashabiki wa Harland, waliozoea kuondoka mapema, wakakaa wameshika vichwa. Zikawa mbili. Mtupo wake wa mwisho ukazunguka ukingo wa kikapu, ukatoka.

Pointi mbili! Katika korido Bi Marlow akamshika mkono. "Mwezi ujao njoo kwetu. Huku utashinda."

Akaondoka, akamwacha na Amos aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Uliwauzia bega langu," Kezia alisema.

"Sikutamka neno, naapa. Niliambiwa niwe wewe. Nikajisemea nitakuigiza vibaya. Kezia, nilishindwa. Nikishika mpira nakuona wewe, bega linashuka lenyewe."

"Ungekataa!"

"Kweli, ningekataa," akasema, machozi yakimdondoka. "Niliona fahari kuwa wewe. Hilo ndilo kosa langu."

Kezia akampa mgongo. Wiki tatu simu yake ikalia, hakupokea. Alimkumbuka mpaka akajikasirikia. Na Harland ilikuwa palepale, na ubingwa wake wa sita, na Amos ndani yake. Nani angemlaumu akienda?

Siku ya mwisho ya kuhama, Kezia akiwa peke yake kwenye ukumbi wa mazoezi wa Millbrook, Bi Marlow akapiga simu.

"Nasubiri jibu, binti."

Kezia akauweka mpira wake sakafuni. "Miaka yote sisi tunapanda, ninyi mnavuna. Mwaka huu shamba lina mwenyewe, kocha. Asante."

Alipokata, mlango ukalia. Amos. Fulana nyeupe, na kifuani amebandika kwa utepe mweusi namba ishirini na tatu, namba ya Brynn Kessler.

"Nimeacha mazoezi ya Harland," alisema, hakusogea. "Miezi saba Brynn amenikaba. Ninajua anavyosimama. Ukitaka, kila Jumamosi nitakuja kuwa yeye. Sitakwambia siri yake hata moja. Nitakukaba tu."

"Saa mbili za barabara, kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwashinde."

"Na nisipowashinda?"

"Basi tutazeekea humu humu, mke wangu."

"Mke wa nani? Nani kakupa?" Lakini midomo ilishamsaliti, inacheka, na macho yamejaa. Akauchukua mpira sakafuni, akaudunda mara mbili. "Haya, Brynn. Kaba."

Akashusha bega la kulia. Amos akalitazama kama siku ile ya kwanza, akakimbilia kushoto. Kezia akaenda kulia.