Aliyeunguza Diski ya Koku Ni Mimi

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na moja. Naishi peke yangu Omurushaka, katika chumba kilicho nyuma ya duka langu la kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Wasafiri wa Bukoba na wa Kyerwa wanaingia na kutoka kutwa nzima. Nasalimiana nao, nacheka nao. Lakini nikishafunga mlango, hakuna hata mmoja wa kuniuliza kama nimekula...

Sikuwa hivi zamani. Nilikuwa na rafiki, na nilimpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe!

Anaitwa Respicius, mkulima wa kahawa wa Isingiro. Ujanani alikuwa akipiga video za harusi, nami nilikuwa namsaidia kuzihariri. Mke wangu aliponikimbia, Respicius alikuja akakaa nami wiki nzima. Alinipikia ndizi, akanifulia mashati, wala hakuniuliza swali lolote. Ndugu zangu wa damu kule Nyakasimbi hawakufanya hivyo.

Baadaye msiba ukamfika yeye. Mkewe, Koku, alifariki wakati binti yao Alinda hajaanza hata kutambaa. Video zote alizompiga Koku, akiimba jikoni, akimtania mumewe, akimbembeleza mtoto, zilibaki kwenye diski ya kompyuta ya zamani. Kompyuta ile iliharibika. Respicius akaichomoa diski, akaifunga kwenye khanga ya marehemu, akaitunza miaka saba.

Basi mwaka wa saba niliagiza vipande vya kompyuta ya mezani kutoka Mwanza ili niiunde mwenyewe. Respicius alifurahi kuliko mimi! Alinda alikuwa ameanza shule na kila siku alimuuliza baba yake jinsi mama alivyokuwa anaongea. Tukakubaliana kwamba mashine ikikamilika, tutaifungua diski na kumnakilia mtoto video za mama yake.

Alifika Jumamosi asubuhi, suruali ikiwa na tope hadi magotini. Pikipiki iliyombeba ilikuwa imeteleza njiani.

"Nilianguka chali," aliniambia akicheka, "lakini mfuko niliukumbatia kama mtoto."

Aliniwekea diski mezani. Alikuwa na kikao cha kwaya kanisani, kwa hiyo akaniomba neno moja tu.

"Usiiwashe mpaka nirudi, ndugu yangu. Nataka niwepo."

Kwa nini sikumsubiri? Najiuliza mpaka leo... Nilitaka akifungua mlango amkute Koku kwenye kioo, anaimba. Nilidhani nampa zawadi. Ukweli ni kwamba nilitaka pia anisifu!

Kila kitu kilikuwa kimeshaingia mahali pake isipokuwa feni tatu za kasha, zile za kupooza mashine. Nilikuwa nimetazama video ya mafunzo kwenye simu mara mbili, nikajiona fundi. Feni zote zilitumia waya mmoja wa umeme, na waya huohuo ulikuwa na mkia wa kulishia diski. Nikaichomeka na diski hapohapo. Kikabaki kichwa cheupe cha plastiki chenye matundu manne, cha kuunganisha waya huo na umeme wa mashine. Kichwa hicho kimekatwa kona mbili ili kiingie upande mmoja tu. Kiligoma kuingia. Nikasukuma. Kikagoma tena. Badala ya kukigeuza, nikakikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka kikaingia kwa nguvu...

Nikawasha.

Feni zilizunguka kivivu, kama zimechoka. Kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilichomoa waya ukutani. Nikaigusa diski. Ilikuwa ya moto chini, na kwenye kibao chake cha umeme palikuwa na alama nyeusi ndogo kama punje ya mtama.

Niligeuza kile kichwa, kikaingia kwa ulaini kabisa. Nikawasha tena. Feni zikavuma vizuri, kompyuta ikawaka vizuri. Diski ilikaa kimya.

Respicius aliporudi saa nane mchana, alikuta nimeketi. Aliuliza kama nimeijaribu. Nilijua la kusema. Nilikuwa na muda wa kulisema! Lakini ulimi wangu ukachagua njia nyingine.

"Nimeijaribu, haiitiki. Nadhani... ulipoanguka na pikipiki, imevunjika ndani."

Alisimama akiitazama diski. Hakunilaumu kwa kutomsubiri. Alikaa chini sakafuni, akaweka mikono kichwani.

"Basi nimemuua mara ya pili," alisema.

Wasomaji, mnajua alichofanya baada ya hapo? Alinifariji mimi! Aliniambia nisijisumbue, kwamba kosa ni la kwake, angekuja kwa basi haya yasingetokea. Akaifunga diski kwenye khanga, akaondoka.

Nilijiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi. Alipopiga simu, niliiacha ikaita hadi ikakatika. Alipopita dukani nilijifanya nina wateja. Sikuweza kumtazama machoni. Mwishowe akaacha kuja, nami nikabaki na ukimya wangu... miaka miwili!

Siku moja fundi wa Bukoba alikuja kunitengenezea printa. Tukiwa tunakunywa chai nilimsimulia habari ya diski, nikidai ilimpata mtu fulani. Fundi akacheka.

"Hiyo ndogo. Kilichoungua ni kibao cha chini tu. Unatafuta diski ya aina ileile, fundi anayejua anahamishia kibao chake. Mara nyingi video zinakuwa salama humo ndani."

Kikombe kilinitoka mkononi. Salama! Miaka miwili yote Koku alikuwa humo, anaimba!

Kesho yake asubuhi nilipanda gari la kwanza kwenda Isingiro. Alinda ndiye aliyenipokea, amekuwa msichana mrefu. Akanipigia magoti.

"Shikamoo. Baba yuko shambani. Wewe ndiye wa kompyuta? Baba alianguka na pikipiki, ndiyo maana sauti ya mama ikapotea."

Mtoto alikuwa anamlaumu baba yake... kwa kosa langu.

Nilimkuta Respicius akikata majani makavu ya migomba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, bila kuficha kitu. Nikamwambia video bado zinaweza kuokolewa, anipe tu diski.

Aliweka panga chini.

"Niliitupa chooni," alisema. "Nilikuwa siwezi kuiona. Choo kikajaa, tukakifukia."

Nilipiga magoti kwenye udongo. Akaendelea kwa sauti ya chini.

"Waya ningekusamehe siku ileile, kabla hatujala. Lakini uliniacha nimwambie mtoto wangu kwamba ni mimi."

Mama mkwe wake akatuita kutoka uani. "Karibu waitu, ndugu yetu, ndizi ziko tayari!"

Kwetu mgeni haondoki na njaa. Ila Respicius alijibu, "Mama, mgeni anaondoka."

Nilimwomba Respicius ruhusa nimweleze Alinda ukweli, akakubali. Nikamweleza, mlangoni, baba yake akiwa pembeni. Mtoto hakulia. Alimwendea baba yake, akamshika mkono, wakaingia ndani wote wawili.

Ni mwaka sasa. Salamu zangu hazijibiwi, wala silalamiki.

Ndugu zangu, vitu vinaharibika. Mikono yetu inakosea, na mwenye moyo anasamehe. Kilichomzika Koku mara ya pili si feni, ni uongo wangu! Kama kuna mtu leo anajilaumu kwa jambo ulilolifanya wewe, inuka umwambie. Usingoje Jumapili, usingoje upate maneno mazuri. Mwambie leo, angali anakukaribisha kula.