Namba Nne Ongeza Kidogo

Fundi mitambo ndiye aliyeiona taa ile kwanza, na kwa kuwa ni mtu wa kulaumu waya kabla ya kulaumu kitu kingine chochote, aliulaumu waya.

"Nani kachomeka kitu namba nne?" aliuliza.

Ilikuwa saa tisa mchana, wanajaribu vyombo. Jukwaani walikuwepo watatu tu: mpiga ngoma kwenye namba moja, mpiga besi kwenye mbili, na Vidole mwenyewe, mpiga solo, kwenye tatu. Tundu la namba nne kwenye mtambo wa sauti lilikuwa tupu, ungeweza hata kuchungulia ndani. Lakini taa yake ya kijani ilikuwa inapanda na kushuka, ikienda sawasawa na wimbo waliokuwa wanaupiga.

"Mtambo umezeeka huu, kama mwenyewe," fundi akasema, na Mama Ukumbi, mwenye mahali pale, akamjibu kutoka kwenye ndoo yake ya kudekia kwamba azeeke yeye na ukoo wake mzima. Wakacheka. Vidole hakucheka. Alikuwa amesikia harufu ya dawa ya kuchua.

Jamani, wako watu wanaorudi mahali kwa mapenzi, na wako wanaorudi kwa sababu wamechoka kukimbia. Magazeti yaliandika kwamba Vidole, baada ya kujaza viwanja miaka ishirini, ameamua kuzunguka kumbi ndogo ili awe karibu na mashabiki. Uongo mtupu! Kumbi nyingine zote zilikuwa njia tu ya kuufikia huu, wenye viti themanini vya plastiki na paa la bati, ambamo yeye na mdogo wake walipiga magitaa kila Jumamosi, mpaka likaja gari la watu wakubwa waliomtaka mpiga gitaa mmoja. "Nitarudi kukuchukua," alimwambia mdogo wake. Hakurudi. Mdogo mtu akaendelea kupiga pale pale, akijipaka dawa ya kuchua vidoleni kabla ya kila onyesho, hadi kifua kilipomlaza na kumzika.

"Tuanze tena," Vidole alisema.

Wakaanza tena, na walipofika kwenye kiitikio likaingia gitaa la pili, taratibu, kutoka kwenye spika ya kushoto, likipita katikati ya gitaa lake kama lilivyokuwa likipita zamani, likichelewa kidogo pale ambapo mdogo wake alikuwa akichelewa kwa makusudi ili kumuudhi, na harufu ya dawa ikazidi mpaka macho yakawasha, na mpiga ngoma akaacha, na mpiga besi akaacha, na Vidole naye akaondoa mikono kwenye nyuzi, lakini gitaa lile likaendelea peke yake, likarudia kiitikio mara mbili, ndipo likanyamaza.

"Kaka, tuondoke humu," mpiga ngoma alinong'ona.

Mama Ukumbi aliliachia dekio. "Sikutaka kukuambia, baba. Linapiga hivyo kila mchana tangu nibandike tangazo lako mlangoni. Nimeshamwita bibi mmoja, mtaalamu wa mambo haya. Yuko njiani."

Bibi alifika saa kumi, mwembamba, chetezo kimefungwa kwenye taulo, akizigombeza ngazi za mlangoni. Akaweka sikio kwenye spika ya kushoto, akakaa hivyo muda mrefu.

"Humu mna jini la siku nyingi," alisema kwa sauti ya chini. "Linalopiga linaweza kuwa hilo, au anaweza kuwa ndugu yako. Jini limesikia kila neno lililosemwa ndani ya kuta hizi, likimwigiza huwezi kuligundua. Kwa hiyo muulize jambo ambalo halikusemwa humu. Akikosea niambie, nitalitoa kabla watu hawajaingia. Lakini ukilipokea kwa jina la nduguyo, mwanangu, mimi sitaliweza tena. Litaandamana nawe na kukula kidogo kidogo, kuanzia hiyo mikono."

Vidole alijua la kuuliza. Lilikuwa moja tu. Mdogo wake alikuwa kitandani, yeye yuko nyuma ya jukwaa nchi za watu, simu sikioni, akimwomba msamaha huku wenzake wakimwita kwamba muda umefika. Mdogo wake alihema, akahema tena, akasema: "Sitakusamehe. Na usije kunizika." Akakata. Maneno hayo Vidole hakumwambia mtu, hata mkewe. Na kweli hakwenda kuzika.

Alipiga magoti mbele ya spika, bibi nyuma yake ameshika ubani juu ya makaa, bati likilia kwa jua juu ya vichwa vyao, na ile taa ya kijani ikaanza kupanda kabla hajafungua mdomo.

"Mdogo wangu," alisema. "Siku ile kwenye simu, uliniambia nini?"

Spika ikakohoa, kikohozi kile kile. Kisha ikacheka kidogo, kicheko kile kile.

"Nilikwambia nimekusamehe, kaka. Nilikuwa nakungoja tu uje."

Vidole alilia, jamani. Alilia na kamasi zake, mtu mzima, magoti kwenye sakafu iliyolowa. Alijua kabisa kwamba huyu si mdogo wake. Mdogo wake alikufa na kinyongo chake, na duniani hapakuwa na mahali pengine ambapo angeambiwa maneno haya kwa sauti hii.

"Ni yeye?" bibi aliuliza.

"Ni yeye, bibi."

"Una hakika?"

"Namjua mdogo wangu."

Bibi alimtazama sana. Kisha akafunika makaa, akafunga taulo lake, akashuka ngazi bila kumuaga mtu.

Saa moja jioni viti themanini vyote vilijaa, wengine wakasimama ukutani. Vidole alipanda na kiti kitupu mkononi, akakiweka kushoto kwake. Watu wakapiga makofi, wanaomkumbuka marehemu wakajifuta machozi. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeshakufa ganzi, baridi mpaka kwenye kiungo cha pili. Akakikunja, akasogelea kipaza sauti.

"Fundi," alisema, "namba nne ongeza kidogo. Simsikii vizuri mdogo wangu."