Jina Linatumika

Benedikta aliingia ukumbi wa intaneti wa Hatim, Ngamiani, akiwa bado na mchanga wa pwani ya Kigombe kwenye viatu. Gauni lake la kijani lilikuwa limelowa pindoni, na nywele alizisuka twende kilioni. Watu walijaa: wanafunzi, mawakala wa bandarini, wazee waliosubiri habari za watoto wao walioko Maskati. Enzi hizo intaneti ilikuwa mgeni Tanga, na kila mtu alitaka kumwona mgeni.

Aliketi, akafungua programu yake ya kutunzia marejeo, akaiagiza itafute makala katika hazina ya chuo chake cha ng'ambo. Ikakataa. Akairudia. Ikakataa tena.

"Usiipige, dada, haina kosa."

Aligeuka. Alikuwa Asheri, fundi wa ukumbi, kijana mrefu wa Lushoto, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Sijaipiga."

"Macho yako yanaipiga."

Benedikta akacheka bila kutaka, kisha akamweleza. Mwani unaolimwa na akina mama wa Kigombe ulikuwa unaoza baharini kwenye kamba zake, na hakuna aliyejua dawa. Yeye alikuwa akiuandikia tasnifu. Huenda mahali fulani duniani mtu alikwisha kuandika sababu, na andiko hilo limo kwenye hazina ile.

Asheri akaifungua hazina hiyohiyo kupitia ukurasa wa kawaida wa mtandao. Ikafunguka.

"Laini nzima. Neno lako la siri nalo zima. Basi programu hii inapitia mlango mwingine, na mlango huo sisi tumeufunga kwa ulinzi."

Akaenda kwenye kompyuta kuu, akaufungua. Bado ikagoma. Wakatazamana. Benedikta akainamia kioo, harufu ya asumini ikimfikia Asheri.

"Ngoja! Anwani hii ya zamani. Hazina ilihamishwa."

Akaiandika upya. Makala zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, taratibu, na wote wawili wakazitazama kama watu wanaotazama mvua dirishani.

Tangu siku hiyo Benedikta hakukosa sababu ya kwenda mjini. Siku za Kigombe, simu ndiyo ilimfuata.

"Hodi Kigombe."

"Karibu, Lushoto. Umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba. Sijasikia unavyocheka."

Benedikta alikuwa akisimama majini, maji ya uvuguvugu yakimfika magotini, sketi ameikunja, simu sikioni. Bahari ilikuwa tulivu hata mbingu ilionekana imelala humo. Mwamvua, mkulima wa mwani, alimpigia kelele kutoka kwenye kamba zake: "Mwambie huyo bwana aje alime! Mwani haukui kwa maneno ya asali!"

Ilikuwa raha ya aina hiyo, ya kuelea. Hata neno lake la siri Benedikta alimnong'oneza Asheri, ili amtafutie makala yeye akiwa shambani.

Kisha siku moja, ukumbi umefurika, laini ikakatika. Iliporudi, kioo kilimwandikia Benedikta kwamba jina lake linatumika tayari, na hazina haipokei watu wawili kwa jina moja. Nani mwingine alilijua neno lile?

"Asheri! Unawauzia akina nani jina langu?"

Watu wakageuka. Asheri alisimama na waya mkononi.

"Beni, mimi?"

"Usiniite Beni. Mwizi mkubwa!"

Asheri aliuweka waya mezani polepole.

"Nenda salama, dada," alisema. Neno hilo "dada" lilimchoma Benedikta njia nzima.

Akaomba chuoni neno jipya la siri, asimwambie mtu. Simu za Asheri hakuzipokea, mpaka zikakoma zenyewe. Akahamia ofisi ya kuazima huko Raskazone, yenye madirisha makubwa na upepo mwingi. Huko, asubuhi moja, umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi, akaunganisha tena.

Jina linatumika.

Benedikta alibaki kutazama. Neno hili hakuna aliyelijua duniani isipokuwa yeye. Laini ilikuwa imekatika kabla hajatoka, na hazina ikadhani bado yumo. Mtu aliyekuwa ndani, leo na siku ile, alikuwa yeye mwenyewe.

Hakuzima hata kompyuta. Alipanda teksi hadi Ngamiani, akasimama katikati ya ukumbi.

"Jamani, nisikilizeni. Asheri huyu nilimwita mwizi hapa mbele yenu. Hakuiba kitu. Nilikosea mimi."

Hatim alikohoa nyuma ya kaunta. Asheri akamtazama Benedikta, macho yamemlowa, akamshika mkono wakatoka barazani.

"Nimekusamehe. Lakini sirudi kuwa mtu wa simu tu. Nataka kuleta mshenga kwa baba yako."

"Baba ni Mkatoliki wa kufa na kupona. Wewe Mlutheri."

"Akinikataa, nitarudi kumwomba tena."

Benedikta akapiga simu Muheza, kwa babake, msimamizi mstaafu wa shamba la mkonge. "Shikamoo, Baba. Kuna mtu anataka kukusalimu." Akamkabidhi Asheri simu.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Asheri, wa Lushoto. Nampenda binti yako, naomba kuleta mshenga."

Asheri akasikiliza, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Anauliza kama nimewahi kumliza mwanawe."

Benedikta akamnyang'anya simu. "Mimi ndiye niliyemliza, Baba."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

"Basi mlete upesi," alisema, "nimwombe radhi."