Dawa Kali kwa Gari la Mzee

Kila asubuhi, kabla ya kushika randa, seremala alilifuta gari kwanza. Gari liliegeshwa uani, karibu na meza yake ya kazi, na vumbi la mbao lililifunika lote kama unga. Basi alichukua kitambaa chochote kilichokuwa karibu, akalisugua kavukavu, harakaharaka, kisha akarudi kwenye viti vyake.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la baba mkwe wake, ambaye nyumbani wote walimwita Mzee. Mzee aliliendesha gari hilo miaka mingi. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Siku moja alimkabidhi mkwe wake funguo.

"Liendeshe wewe," alisema. "Mimi sasa watu wote nawaona kama moshi."

Ulikuwa ni mtoto wa jicho. Hatimaye daktari alimfanyia upasuaji wa jicho la kulia.

"Kesho mchana bandeji inatolewa," mke wa seremala alisema. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na kutoka hapo aliona kila kitu kilichotokea uani. Pia alisema kila kitu alichokiona. "Tutamfuata baba na gari lililochoka namna hii? Litazame! Limefubaa kama sufuria ya jela."

Seremala alilitazama. Mkewe hakukosea. Rangi ilikuwa imepauka. Magurudumu yalikuwa meusi kwa matope na mafuta.

"Niachie mimi," alisema. "Kesho Mzee hatalijua gari lake."

Akaenda sokoni. Huko palikuwa na muuzaji wa dawa za magari. Mbele yake palikuwa na pipa kubwa la bluu na chupa tupu za maji ya kunywa.

"Hii ni dawa ya wataalamu," muuzaji alisema. "Wenye magereji makubwa ndiyo wanayotumia. Uchafu ukiiona tu, unakimbia wenyewe!"

"Inatumikaje?"

"Mimina, sugua, suuza. Basi."

Alimjazia chupa moja. Chupa haikuwa na lebo ya dawa. Ilikuwa na picha ya mlima na maneno "maji safi ya kunywa".

Seremala alirudi nyumbani jua likiwa la utosi. Boneti ilikuwa ya moto kiasi cha kuchoma kiganja. Hakusubiri. Alimimina dawa juu ya boneti, akamimina na kwenye milango, akasugua kwa brashi. Uchafu ukaanza kutiririka, maji meusi tititi.

"Mama watoto!" aliita. "Njoo uone maajabu!"

Mkewe alikuja mbio. Naye akashika kitambaa, akasaidia kusugua kwa mikono mitupu. Mara mteja akabisha hodi. Alikuja kuulizia meza yake. Seremala akaenda kuzungumza naye mlangoni, na mazungumzo yakanoga.

Aliporudi, dawa ilikuwa imekauka. Boneti nzima ilikuwa na michirizi myeupe, kama mtu amemwagia uji. Mpira mweusi wa ukingo wa mlango ulikuwa umegeuka kijivu. Seremala alimwaga maji. Michirizi ilibaki palepale.

"Nimeliua gari la Mzee," alisema.

"Na mimi mkono wangu unawaka!" mkewe alilia. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

Kichwa kikachomoza juu ya ukuta wa jirani. Kilikuwa cha Dada Povu. Aliitwa hivyo kwa sababu alifanya kazi kwenye karakana ya kusafisha magari, na kila jioni alirudi na povu kwenye mabuti. Wiki hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Kuna nini, shemeji?"

"Dawa," seremala alisema. "Gari limeharibika."

"Na mkono wa dada?"

"Unamuwasha."

Dada Povu hakupita hata getini. Aliruka ukuta.

"Mkono kwanza, gari baadaye!" alisema. Alimshika mshonaji bega, akampeleka bombani. "Usisugue. Acha maji yatiririke tu. Mengi, na kwa muda mrefu. Machoni haijaingia?"

"Haijaingia."

"Shukuru Mungu. Ingeingia, ungeosha jicho kwa maji hivihivi, kisha moja kwa moja hospitali."

Walikaa bombani mpaka maumivu yakapungua. Dada Povu alivitazama vidole kimoja kimoja.

"Vikitoa malengelenge, au vikiendelea kuuma, nenda kituo cha afya," alisema. "Na hapo watakuuliza umeshika dawa gani. Utawajibu nini? Maji safi ya kunywa?"

Mshonaji alicheka huku machozi yakimlengalenga. Seremala hakucheka. Aliitazama ile chupa juu ya meza yake. Watoto wangerudi kutoka shule muda si mrefu, wana kiu.

Dada Povu alifunga kizibo cha chupa vizuri, akaandika neno "SUMU" kwenye karatasi, akaibandika. "Nitaipeleka karakana," alisema. "Kwetu kuna pipa maalumu la dawa zisizotakiwa. Usiimwage mtaroni."

Kisha walilivuta gari kivulini, wakalisuuza lote kwa maji mengi.

"Sasa niambie ukweli, Dada Povu," seremala alisema. "Yule muuzaji amenidanganya? Hii si dawa ya wataalamu?"

"Huenda ni yenyewe. Shida ndiyo hiyo."

"Sijakuelewa."

"Shemeji, wewe una vanishi kazini. Ile nzito, ya kopo kubwa. Unaipaka vilevile?"

"Haiwezekani! Naichanganya na tina kwanza, iwe nyepesi. Na inategemea. Mlango una kipimo chake, kiti kina chake."

"Basi na dawa za magari ni hivyohivyo. Kuna za nyumbani na kuna za karakana. Ya nyumbani wameshaipunguza makali kiwandani. Imetengenezwa kwa mtu yeyote, na ukikosea kidogo inakusamehe. Ya karakana ni nzito. Sehemu moja ya dawa inawekwa kwenye sehemu kumi za maji, wakati mwingine hata ishirini. Lebo ndiyo inayosema. Na sisi tunavaa glavu na miwani, tena tumefundishwa. Wewe umeimwaga nzima nzima, tena juu ya bati la moto."

"Nilidhani ya wataalamu ndiyo nzuri zaidi."

"Ni nzuri kwa kazi yake. Randa yako ya umeme ni nzuri. Utampa mtu asiyejua?"

"Atajikata vidole."

"Ndiyo hivyo."

Dada Povu alitoa tochi mfukoni, akaimulika boneti kwa karibu. "Inama hapa. Tazama."

Seremala aliinama. Ndani ya mwanga kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, maelfu na maelfu. Ilizunguka mwanga kama utando wa buibui. Miaka yote aligusa gari hilo kila asubuhi, na hakuwahi kuiona.

"Hii yote ni dawa?"

"Hapana. Michirizi ile ndiyo dawa. Hii ni vumbi la mbao na kitambaa kikavu."

Seremala aliutazama mkono wake mwenyewe.

"Juu ya rangi kuna tabaka linaloonekana kama kioo," Dada Povu aliendelea. "Ndilo linalong'aa. Linaikinga rangi kwenye jua na mvua. Unajua unene wake?"

"Kama kadi?"

"Ni jembamba kuliko unywele wako."

Seremala aling'oa unywele mmoja kichwani, akauinua kwenye mwanga. Aliwaza mvua zote, jua lote, barabara zote ambazo gari hilo lilipita. Yote hayo yalizuiwa na kitu chembamba kuliko unywele.

"Litapona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sehemu kubwa. Mpira ule, sikuahidi."

Dada Povu aliruka ukuta tena. Alirudi na ndoo mbili na chupa tatu ndogo, kila moja na lebo yake. Akampa seremala ya kwanza.

"Soma."

Seremala alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. "'Sabuni ya gari. Kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. Tumia kivulini. Usiache ikaukie.'"

"Kumbe imeandikwa!" mshonaji alisema.

"Yameandikwa yote. Sabuni ya unga na ya vyombo muziachie nguo na sahani. Zinaondoa nta inayolinda rangi."

Ndoo moja ilikuwa ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, mchanga usirudi kwenye gari. Walianza juu ya paa wakashuka. Magurudumu yalioshwa mwisho, kwa brashi yake. Mshonaji alileta vitambaa vya taulo laini. Dada Povu alivisifu, kisha akamwomba mkasi.

"Kata upindo wote. Uzi mgumu huu unakwaruza."

Seremala alileta kopo la mafuta ya taa kwa ajili ya matairi.

"Rudisha!" Dada Povu alisema. "Yanang'arisha leo, kesho mpira unapasuka. Na ndani ya gari, usipake mafuta ya kung'arisha kwenye usukani wala pedali. Utakata kona, mikono iteleze."

Kesho yake asubuhi, kungali na ubaridi, walianza na chupa ya pili.

"Hii ni polishi," Dada Povu alisema. "Ndani yake ina kitu kama msasa."

Seremala alishtuka. "Msasa kwenye gari?"

"Msasa laini kuliko wowote uliowahi kuushika. Kwa hiyo haifuniki mikwaruzo. Inapunguza lile tabaka kidogo sana mpaka mikwaruzo inaisha. Karakana tunayo kali zaidi, ya mashine, na fundi mgeni anaweza kulimaliza tabaka lote kwa dakika chache. Hii ya mkono ni ya polepole. Na tunaijaribu kwanza mahali pasipoonekana sana."

Walijaribu chini ya mlango wa nyuma. Hakukuwa na tatizo. Seremala akapaka boneti, eneo dogo dogo, akizungusha mkono taratibu. Alijikaza kisabuni. Jasho lilimtoka na bega likamuuma. Polishi ikawa kama ukungu. Akachukua taulo safi, akafuta.

Chini ya taulo palikuwa na bluu. Haikuwa ile bluu ya majivu aliyoizoea. Ilikuwa ya kina, kama maji ya kisima kirefu. Ndani yake kulikuwa na tawi la mti wa jirani, jani kwa jani. Kulikuwa na wingu. Kulikuwa na sura yake mwenyewe, mdomo wazi.

"Mama watoto," aliita. Akaita tena.

Mkewe alikuja, akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, alikiona kitu na hakusema lolote.

Walimaliza kwa chupa ya tatu, nta. "Hii haikwaruzi, inakinga tu," Dada Povu alisema, akanyunyizia maji kidogo. Maji hayakusambaa. Yalijikusanya kuwa shanga ndogo za mviringo, zikateleza hadi chini. Seremala aliomba maji, akanyunyizia tena. Na tena. Dada Povu akamnyang'anya maji.

Mpira wa mlangoni ulibaki kijivu.

Mchana walikuwa kwenye ua wa hospitali. Mzee alitoka ameshikwa mkono na muuguzi, amevaa miwani myeusi. Kwenye kivuli aliivua. Alimtazama binti yake muda mrefu.

"Una mvi," alisema.

"Baba!"

"Mbili. Hapa." Akazigusa. Kisha akatazama nyuma ya binti. "Na gari hili la nani?"

"Lako, Mzee," seremala alisema.

"Langu lilishakuwa la kijivu."

"Ni la bluu, Mzee. Siku zote lilikuwa la bluu."

Mzee alilisogelea. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama kwa lile la zamani. "Kijivu," alisema. Akahamisha kiganja, akatazama kwa jicho jipya. "Bluu." Akarudia. Kijivu. Bluu. Watu waliokuwa wakipita walisimama kumtazama. Hakujali. Aliinama juu ya boneti kama mtu anayechungulia dirishani, na mawingu yakapita chini ya uso wake.

Alizunguka gari lote. Kwenye mlango wa kushoto akasimama, akaugusa ule mpira. "Na hapa pamefanya nini?"

Seremala alisogea mbele. "Ni mimi, Mzee. Nilitumia dawa kali bila kujua. Nisamehe."

Mzee aliutazama mpira kwa karibu sana. Kisha akacheka, cheko la kutoka tumboni.

"Mwaka jana ungeng'oa mlango mzima nisione," alisema. "Leo naona doa. Unaniomba msamaha wa nini?"

Siku hizi gari linakaa upande wa pili wa nyumba, mbali na vumbi la mbao. Seremala halifuti kavu tena. Analiosha kivulini kwa ndoo mbili, na mkewe anavaa glavu. Dawa zote ziko kwenye chupa zake za asili, katika kabati la juu lenye kufuli.

Lakini jioni ile ya kwanza, chupa zilikuwa bado mezani. Mzee alichukua ile ya sabuni, akaigeuza nyuma, kwenye maandishi madogo madogo. Hakuna aliyemwomba. Alianza kusoma kwa sauti.

"'Weka mbali na watoto. Usichanganye na dawa nyingine. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi na umwone daktari.'"

Cherehani ilinyamaza. Seremala aliweka chini kikombe chake. Dada Povu, aliyekuja kujua habari za Mzee, alisimama mlangoni bila kubisha hodi. Wote walimsikiliza kama anayesoma barua iliyotoka mbali.

"Kuna mstari mwingine hapa chini," Mzee alisema. "Mdogo kuliko yote."

"Uache, baba, usilichoshe jicho," binti yake alisema.

"Niuache kwa nini?" Mzee aliisogeza chupa kwenye mwanga. "Naona mpaka nukta."

Akausoma: "'Soma maelezo yote kabla ya kutumia.'"