Mayai ya Iskander na Programu ya Mstari Mmoja

Kila Jumamosi, klabu ya kompyuta ya nyumba ya vijana mjini Sfax hucheza mchezo wa kufupisha. Mwalimu Nedra huandika swali ubaoni, na kila mtoto hutunga programu ya kulijibu. Programu ikitoa jibu sahihi, herufi zake huhesabiwa, na yenye herufi chache kuliko zote ndiyo mshindi. Hata nafasi tupu huhesabiwa, kwa hiyo watoto hukwangua na kukwangua mpaka programu inabaki mifupa mitupu.

Rihem, msichana wa miaka kumi na mitatu, hakuwa na mpinzani. Majina marefu aliyageuza kuwa herufi moja moja. Ujanja wake mwingine ulikuwa kuiacha programu ikwame na kufa mara tu ikishatoa jibu. Mchezoni hilo linaruhusiwa. Jibu likishatoka, hakuna anayeuliza kilichotokea baadaye.

"Wewe Rihem, siku moja utaandika programu isiyo na herufi hata moja," Iskander alimtania.

"Na bado nitakushinda," Rihem alijibu huku akitafuna mkate wake uliopakwa harisa, ile pilipili ya kusagwa.

Iskander hakujali sana kushinda. Alikuwa na kazi yake pembeni mwa chumba cha klabu: friji bovu aliloligeuza mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani aliweka taa ya kutia joto, kipimajoto, na mayai aliyoyaleta kwa feri kutoka visiwa vya Kerkena. Mbwa walikuwa wamevunja banda la bibi yake na kuua kuku wote. Mayai hayo ndiyo yaliyobaki ya mbegu aliyoifuga bibi tangu alipoolewa. Kompyuta ndogo isiyo na skrini ilisoma joto, ikawasha taa mayai yakianza kupoa, na kuizima joto likitosha.

Siku moja Rihem aliifungua programu ya Iskander, akacheka peke yake. Maskini! Mistari chungu nzima, na maelezo juu ya kila mstari, kana kwamba anamwandikia mtoto wa chekechea. Bila kumwambia mtu, akaanza kukata. Palikuwa na sehemu iliyosema kwamba kipimajoto kisipojibu, programu ingoje kidogo kisha iulize tena. Akaifuta. Kipimajoto si kinajibu vizuri? Ya nini kupoteza herufi? Programu nzima ikabaki mstari mmoja. Aliijaribu kwa dakika chache, taa ikawaka na kuzimika vizuri. Akaiacha humo, akipanga kujigamba Jumamosi mbele ya wote.

Hakuwahi kujigamba. Alhamisi walipofika klabuni kutoka shuleni, Iskander alitia mkono ndani ya friji, akapiga ukelele.

"Yamepoa! Mayai yamepoa!"

Taa ilikuwa imezimika. Mwalimu Nedra alikuja mbio, akainama kuichunguza mashine.

"Asubuhi nani aliifungua hii?"

"Mimi, Mwalimu. Niliongeza maji ya kutia unyevu tu."

"Na ukaugusa waya wa kipimajoto. Huu hapa, umelegea. Iskander, nimekwambia mara ngapi uache pupa?"

"Basi ni mimi," Iskander alisema, machozi yakimlengalenga. "Bibi nitamwambia nini mie?"

Rihem alikuwa amesimama nyuma yao. Alijua kilichotokea. Waya uliolegea hukatika na kushika tena, na programu ya Iskander ingengoja na kuuliza tena mpaka ijibiwe. Ile yake ilikufa papo hapo, na taa ikakosa wa kuiwasha. Angeweza kunyamaza. Waya kweli uliguswa, na wa kulaumiwa alikwishapatikana. Lakini alipomwona Iskander akipangusa macho kwa mkono wa shati, aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Si yeye, Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Niliifupisha programu yake. Ile sehemu ya kungoja niliifuta."

Iskander aligeuka. "Uliigusa programu yangu? Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka uone inavyoweza kuwa fupi."

"Fupi! Mayai ya bibi yangu, Rihem!"

"Najua. Nisamehe."

"Mtagombana baadaye," Mwalimu Nedra alisema, akiiunganisha taa moja kwa moja na umeme. "Mimi nalinda joto. Nyinyi irudisheni programu."

Walikaa mbele ya kompyuta kubwa ya klabu. Iskander alinyooshea kidole ule mstari mmoja. "Hii k ni nini?"

Rihem alikodoa macho. "Joto. Hapana, taa. Ngoja kwanza..."

"Si umeandika mwenyewe?"

Rihem aliufuta mstari wote, akaanza upya, kila kitu na jina lake kamili. Alipomaliza, Iskander alichomoa waya wa kipimajoto makusudi. Programu ikangoja. Alipourudisha, ikaendelea na kazi.

Baada ya siku kadhaa, maganda yalianza kupasuka. Mayai mengine hayakuanguliwa, na Iskander aliyafukia uani. Lakini vifaranga saba walitoka, wamelowa na kupiga kelele. Alimweka mmoja kiganjani mwa Rihem.

"Huyu mshike. Ila kompyuta usiguse!"

Watoto wote walicheka, Rihem naye akacheka.

"Mchezo wetu wa Jumamosi utaendelea," Mwalimu Nedra alisema. "Unanoa akili. Lakini mchezoni programu ikifa, hakuna kinachokufa nayo. Kazi ambayo wengine wanaitegemea, iandike ili mwenzako aielewe. Na ya mtu usiiguse mpaka umemwuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tena jambo moja. Siku ile ungenyamaza, tungekaza waya tu na kuiacha programu yako humo humo. Waya ungelegea tena, nayo ingekufa tena. Hao unaowasikia wakilia, Rihem, wako hai kwa sababu ulisema ukweli."