Kidaka cha Chumba cha Ndani

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Mwanakheri alishuka ngazi za nyumba yao ya mtaa wa Kiponda na ndoo mkononi, na kila asubuhi ngazi zile zilimdanganya. Zilikuwa za mawe, nyembamba, zenye kiza, na ile ya chini kabisa kimo chake kilikuwa mara mbili ya nyingine. Mguu uliitafuta sakafu usiione, halafu ghafla ukaikuta. Ndoo ikagonga ukuta, na mtaa mzima ukajua kuwa Kheri keshaamka.

"Huyo kafika chini!" alicheka Bi Gulshan, jirani yao, aliyekaa barazani akichambua dengu za bajia zake.

"Shikamoo, Bi Gulshan."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi hizo zitakuja kukung'oa meno, nani atakuoa?"

Nyumba yenyewe ilikuwa na vituko. Zamani ilikuwa nyumba moja kubwa ya tajiri mmoja. Alipokufa, warithi wake waliigawa kwa kujenga kuta pasipokuwa na kuta na kuziba palipokuwa wazi. Nusu moja alikaa Bi Gulshan, mjane wa Kihindi aliyekuwa akiuza bajia na sambusa. Nusu ya pili walipanga kina Kheri, na vituko vyote viliangukia upande wao: ngazi zile, ukumbi wa kiza mchana kutwa, na katikati ya sebule nguzo ya mti iliyosimamishwa kuzishikilia boriti za dari zilizochoka. Mgeni akikaa upande huu wa nguzo, hamuoni aliyekaa upande ule.

Miaka yote hakuna aliyejali. Lakini mwaka ule Raya, dada yake Kheri, aliposwa. Ikaletwa habari kuwa Ijumaa baada ya Alasiri wanawake wa upande wa mume watakuja kunywa chai, na kiongozi wao ni shangazi wa bwana harusi, Bi Zuwena, mtu mzima, mzito, mwenye magoti mabovu na macho makali.

"Atavunjika mguu kwenye ngazi, akipona huko atagonga uso kwenye nguzo," alisema Bi Mwatima, mama yao, mikono kichwani. "Watasema mtoto wangu nimemlea pangoni. Na fundi wa mawe mie simuwezi!"

"Wifi, fundi wa nini?" alidakia shangazi Mwanamkasi. Huyu alikuwa dada wa baba yao, amekuja kutoka Makunduchi kusaidia shughuli, na tangu afike hakuacha kusuka ukili, ule mkanda wa miyaa, wala kuzungumza. "Nitafutie chokaa, kamba ya usumba wa nazi na hawa watoto wako. Basi."

Wakaanza. Kheri na Raya walikusanya mawe kwenye kiambaza kilichoanguka nyuma ya nyumba, shangazi akayapanga kwa mchanga na chokaa mpaka ile ngazi ndefu ikazaa ngazi nyingine ndogo mbele yake. Kingo za ngazi zote wakazipaka chokaa nyeupe zionekane kizani. Ukutani wakapigilia vigingi, wakapitisha kamba ya usumba, na mtu akawa na cha kushika. Kwa ukumbi wa kiza, Raya alikumbuka kioo cha kabati bovu lililotupwa ghalani. Walipokitundika kuelekea dirisha, mwanga uliingia mpaka Kheri akauona uchafu wa ukumbini ambao hajapata kuuona maisha yake. Nguzo nayo shangazi aliizungushia ukili wa rangi nyekundu na zambarau kutoka juu mpaka chini. Sasa ilikuwa kama imewekwa pale kwa ajili ya pambo.

Bi Mwatima alifurahi. Furaha hiyo ilidumu mpaka Kheri alipokwenda mferejini, kwenye bomba la mtaa, kuchota maji.

"Eti kile kioo chenu ni cha kabati bovu?" aliuliza mmoja wa wanawake waliopanga foleni.

"Na mazulia mnaazima kwa Borafya muuza nguo?" aliongeza wa pili. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi, Borafya hanyimi mtu."

Kheri akaduwaa. Mambo hayo yalizungumzwa ndani. Alirudi akamwambia mama yake, na mama naye akaduwaa. Kabla hajasema kitu, hodi ikapigwa chini. Alikuwa Bi Gulshan, amebeba vikombe kwenye sinia.

"Chukueni, si mmepungukiwa vikombe?"

"Nani kakwambia?" aliuliza Bi Mwatima, uso umemshuka.

"Aa! Si mlisema jana wenyewe?" Bi Gulshan alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. Akaweka sinia, akaondoka anatikisa kichwa.

Tangu hapo Bi Mwatima akazidisha tahadhari. Kila lililokuwa la siri hakulisemea sebuleni tena, ambako milango ya vyumba ilikuwa wazi mchana kutwa. Alikwenda chumba cha ndani kabisa, akafunga mlango, akakaa kitako chini ya ukuta wenye vidaka, yaani vile vijishubaka vya kuwekea vyombo vya mapambo. Alikaa chini ya kidaka kikubwa, chenye sahani kubwa ya buluu, ndipo akanong'ona. Ajabu ni kwamba kila alivyozidi kunong'ona, ndivyo mtaa ulivyozidi kujua. Jumatano walijua Raya atavaa mkufu wa kuazima. Jumatano hiyo hiyo jioni walijua ni wa nani.

"Hii nyumba ina shetani?" aliuliza Raya.

"Shetani haendi mferejini," alijibu mama yake. Alihesabu kimoyomoyo. Chumbani walikuwa yeye, Raya na wifi yake. Yeye hakusema. Raya tangu aposwe hatoki kwenda mtaani. Alibaki mmoja, ambaye kila siku hwenda sokoni Darajani kutafuta rangi za ukili na huko husalimiana na kila mwenye pumzi.

Kheri alimwona mama yake akimtazama shangazi kwa jicho la pembeni, naye akachanganyikiwa zaidi. Shangazi alipenda maneno, kweli. Lakini maneno yake yalikuwa ya kuchekesha, hayakuwa ya kuaibisha watu.

Kheri mwenyewe alikuwa na siri moja ndogo, na hakuiona kuwa inahusiana na mambo haya. Siku moja akifuta vumbi, aligundua kuwa nyuma ya ile sahani ya buluu hapakuwa na jiwe. Palikuwa na ubao uliopakwa chokaa, na ubao ulikuwa na ufa. Ukiweka sikio pale unasikia wateja wa Bi Gulshan wakizungumza huku wakisubiri bajia: nani kagombana na mkewe, nani kaongopa umri. Tangu siku hiyo, akirudi skuli, husema anakwenda kufuta vidaka. Mama yake humsifu kwa usafi. Sauti zilikuwa zinakuja kwake, na haikupata kumpitia akilini kuwa zinaweza pia kwenda.

Alkhamisi mchana alitumwa bajia. Bi Gulshan alikuwa jikoni kwake, karai liko motoni. Kheri alisimama kando ya rafu ya makopo ya bizari iliyopigiliwa ukutani. Mara akasikia, wazi kama mtu yuko chumba hicho hicho, sauti ya mama yake.

"Raya, nshakata shauri. Nitamwambia shangazi yako arudi Makunduchi leo, kabla ya wageni. Ataniona mbaya, lakini siwezi kukaa na mtu anayetoa maneno nje."

Alitazama makopo ya bizari. Alimtazama Bi Gulshan.

"Mama yako leo ana hasira," alisema Bi Gulshan akigeuza bajia.

"Unamsikia?"

"Namsikia kila siku, mama. Mie nilidhani mnajua! Mara nyingine nagonga masufuria makusudi nisisikie mambo ya watu. Lakini wateja wangu hawa, nitawaziba masikio kwa unga?"

Kheri alichukua bajia akatoka, na njiani miguu yake haikutaka kwenda. Sasa alielewa kila kitu, na kuelewa huko hakukumfurahisha. Akisema, mama atamuuliza amejuaje kuwa nyuma ya sahani kuna ufa. Atajua kuwa usafi ule wote wa vidaka ulikuwa uongo. Akinyamaza, yeye hatafikiriwa neno. Ijumaa itapita, bajia zitaliwa, na atakayeharibikiwa ni shangazi peke yake.

Alipanda ngazi akishika kamba ya usumba. Juu alimkuta shangazi Mwanamkasi amepiga magoti, anafunga kanga zake kwenye furushi. Hakuwa anazungumza. Tangu aje, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Kheri kumwona kimya.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Nnakwenda kwetu, mwanangu. Ukili wa nguzo ukilegea, mfundishe Raya aukaze kwa chini."

Bi Mwatima alisimama mlangoni, macho ameyaelekeza pengine. Kheri aliweka bajia chini.

"Mama, siye yeye."

"Kheri, haya ni mambo ya watu wazima."

"Siye yeye, mama! Nyuma ya sahani kuna ubao na ubao una ufa. Ukizungumza pale Bi Gulshan anakusikia na wateja wake wote. Nimekusikia sasa hivi, nikiwa jikoni kwake. Umesema shangazi arudi leo kabla ya wageni."

Bi Mwatima alishika mlango. "Wewe umejuaje kama kuna ufa?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Kheri alihisi masikio yanawaka.

"Kwa sababu mie huweka sikio pale. Nikisema nnafuta vidaka, huwa nnasikiliza maneno ya kwa Bi Gulshan. Kufuta nafuta kidogo tu."

Mama yake alikwenda chumba cha ndani, wote wakamfuata, shangazi na furushi lake mkononi. Aliishusha sahani ya buluu kwa mikono miwili, akainama, akaita kwa sauti ndogo kabisa, ya mtu asiyetaka kuamini:

"Bi Gulshan?"

"Karibu!" ukuta ukajibu. "Nikupe na chatini?"

Shangazi Mwanamkasi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya furushi lake. Raya akafuatia. Bi Mwatima hakucheka. Alimshika wifi yake mkono.

"Nimekudhania vibaya, wifi. Nisamehe."

"Nshakusamehe. Lakini wifi yangu," shangazi alijifuta machozi, "nyumba ina vyumba vitano, na wewe kila ukiwa na siri unakwenda kuinong'onea sikio la jirani!"

Hapo Bi Mwatima alicheka, hakuweza kujizuia. Halafu akamgeukia Kheri, na kicheko kikamwisha.

"Na wewe nenda ukamwambie Bi Gulshan kuwa ulikuwa ukimsikiliza. Nenda mwenyewe, kwa mlango. Usimwambie kwa hapa."

Kheri alikwenda. Bi Gulshan alimsikiliza mpaka mwisho, uso mkavu.

"Na ulisikia nini kunihusu mie?"

"Kwamba... kwamba juzi bajia ulizidisha unga."

"Nani kasema? Mmanga muuza kahawa?" Alinyanyua mwiko, kisha akaushusha. "Basi, usiniambie. Tukianza hapo hatuishi. Umekuja na miguu yako, nimekusamehe."

Ukabaki ufa wenyewe. Bi Mwatima alitaka uzibwe kwa mawe, lakini shangazi aliubandua ubao akakuta nyuma yake dirisha zima, la tangu nyumba ilipokuwa moja. Dari na sakafu zilikuwa sawa pande zote mbili. Shangazi alilitazama, akatazama chini uani lilikokuwa jiko lao, akatazama ngazi za mawe.

"Kesho chai na sambusa mtazipandisha kwa wapi?"

Bi Mwatima akaelewa: vipikwe kwa Bi Gulshan, vipitishwe hapo. Bi Gulshan akaihamisha rafu yake ya bizari, mfuniko wa kasha la chai ukawa kilango, na ngozi ya kiatu kikuukuu ikawa bawaba. Upande huu waliweka komeo na upande wa Bi Gulshan komeo la pili, ili kisifunguke mpaka wote wawili wakubali. Ndani ya kilango walipigilia kipande cha godoro la usufi kimeze sauti. Kisha Kheri alifungiwa chumbani akasema maneno kwa nguvu, na Bi Gulshan akaapa hakusikia hata moja.

Ijumaa Bi Zuwena alizipanda ngazi akishika kamba, na kila hatua aliiona kwa ule weupe wa kingo. Alijitazama kwenye kioo cha ukumbini, akaweka ushungi wake sawa. Akaipapasa nguzo, akauliza nani kasuka. Alipoketishwa chumba cha ndani na wenzake, Kheri alibisha kidakani mara mbili, makomeo yakafunguliwa, na sinia la sambusa za moto likatoka ukutani.

"Bismillahi!" alishtuka Bi Zuwena. "Nyumba gani hii?"

Bi Mwatima angeweza kusema lolote. Alimtazama Kheri, kisha akawaeleza wageni yote tangu mwanzo: kioo cha kabati bovu, mkufu wa kuazima, na jinsi alivyotaka kumrudisha wifi yake Makunduchi kwa kosa lisilo lake. Bi Zuwena alicheka mpaka magoti yakamuuma.

"Nimependa," alisema akipokea kikombe. "Huku mtoto wetu hatafichwa kitu."

Wageni walipoondoka, Bi Mwatima alimwita Kheri.

"Labeka, mama."

"Tulitengeneza ngazi na ukumbi watu wasijikwae. Kumbe sote tulikuwa tunajikwaa kwa kitu ambacho mmoja wetu alikijua akakificha, kwa sababu kilimfurahisha. Kusikiliza ya watu ni kosa, na hilo ulijue. Lakini ulipoona mwenzio anaumia, ulisema kweli, hata ile yenye aibu yako. Ukikosea tena, na utakosea, sema hivyo hivyo, ila usingoje mpaka mtu afunge furushi."

"Ndiyo, mama."

"Haya, nenda kafute vidaka."

Kheri alichukua kitambaa. Safari hii alivifuta vyote, na alipofika kwenye vile vidogo vya pembeni alikuta vimejaa vumbi la miezi.